Uvumi, Habari na Lugha ya Umma: Historia Fupi ya Kuaminika kwa Habari Nakuru na Katika Mtaa wa Rhonda

Neno uvumi latokana na kitenzi kuvuma. Upepo huvuma, bahari huvuma, ngoma huvuma, na hata jina la mtu laweza kuvuma. Katika matumizi yote hayo jambo husikika bila ya kuonekana mdomo unaolitamka. Habari ni neno lenye asili ya Kiarabu ambalo tangu zamani limechukua maana ya jambo lenye mletaji. Msafiri akifika huulizwa habari za atokako, naye hujibu kwa yale aliyoyaona kwa macho yake, au aliyoambiwa na mtu anayeweza kumtaja. Katika jamaa hii ya maneno yamo pia tetesi, fununu, porojo, uzushi na udaku, na wingi huo peke yake waonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili hawakungoja kufundishwa na wageni kuwa si kila kisikikacho ni kweli. Hata hivyo, elimu iliyomo katika msamiati si lazima iwemo katika mwenendo wa watu siku ya hofu. Historia ya Nakuru, hususa ya mtaa wa Rhonda, yatoa ushahidi wa kutosha juu ya jambo hilo.

Rhonda, au Kwa Rhonda kama wenyeji wengi wasemavyo, ni mtaa ulio upande wa magharibi wa Nakuru, jirani na Kaptembwa, karibu na ua wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Nakuru yenyewe ilitangazwa kuwa mji mwaka 1904, miaka michache baada ya reli kufika, ikapewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Zamani za ukoloni ilikuwa kitovu cha walowezi wa Bonde la Ufa. Baada ya uhuru, watu waliokuja kutafuta kazi viwandani, sokoni na katika nyumba za wenye mali waliijaza mitaa ya vyumba vya kodi nafuu, na Rhonda ni mmojawapo. Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakalenjin, Wakisii na wengineo walipanga vyumba katika ploti moja na kuteka maji katika bomba moja. Ndani ya chumba ikasemwa lugha ya nyumbani. Uani na dukani kikasemwa Kiswahili. Mgawanyo huu ni wa kawaida katika miji ya Kenya, lakini katika mambo ya habari una matokeo makubwa, maana kila mkazi huwa na masikio ya namna mbili: sikio la uani na sikio la chumbani.

Gazeti lililokuwa sauti ya Nakuru katika enzi ya ukoloni ni Kenya Weekly News, lililochapwa mjini humo na kuhaririwa kwa miaka mingi na Mervyn Hill. Lilikuwa gazeti lililoandikwa kwa ustadi, lakini ndani yake Mwafrika alikuwa ni jambo linalozungumzwa, wala hakuwa mtu anayezungumzwa naye. Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 na kampuni ya East African Standard, lilimhutubia Mwafrika kwa lugha aliyoifahamu, na safu ya barua za wasomaji ilimpa nafasi ya kujibu, ingawa mwenye mtambo alikuwa Mzungu. Nafasi hiyo ya kujibu ni ndogo kwa macho, lakini yafaa msomaji aikumbuke, kwa sababu ndiyo itakayorudi mara kwa mara katika yafuatayo.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, magazeti ya Waafrika, hasa ya Kikuyu, yalipigwa marufuku. Maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya Bonde la Ufa waliondolewa kwa nguvu. Serikali ikajitwalia kazi ya kusema: kwa redio, kwa vikaratasi, kwa magari ya sinema, na kwa mabaraza ya machifu na maofisa wa wilaya. Hapo ndipo lilipozaliwa tabaka la wasikilizaji ambao hawakuwa na njia ya kuuliza. Aliyesimama mbele ya baraza alisema, waliokaa chini walisikiliza, kisha wakaenda zao na kuambiana kwa sauti ya chini yale waliyoyaamini. Kwa hiyo habari rasmi na uvumi havikuwa maadui kama idhaniwavyo. Vilikuwa ndugu waliolelewa nyumba moja: kadiri cha kwanza kilivyokataa kuulizwa, ndivyo cha pili kilivyonenepa.

Uhuru haukuibadili sana hali hiyo. Mwaka 1964 serikali ilitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya. Kiswahili kilipata heshima kubwa katika redio hiyo. Taarifa ya habari ilisikilizwa kutoka Lamu hadi Lodwar, na si kazi ndogo iliyofanywa na watangazaji wake katika kuieneza lugha sanifu. Lakini msikilizaji alijua pia mipaka ya alichokisikia. Bei ya mahindi aliiamini, na tangazo la msiba aliliamini. Mambo ya siasa aliyapima kwa kufungulia Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, au ile ya Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963. Mzee aliyekaa kibarazani jioni akizungusha kitufe cha redio kutoka Nairobi hadi London hadi Ujerumani, kisha akalinganisha, alikuwa akifanya kwa desturi yake jambo ambalo leo hufundishwa katika semina za mahotelini.

Tarehe 1 Agosti 1982 wasikilizaji wa Sauti ya Kenya walipata somo ambalo hakuna semina iliyoweza kulitoa. Askari wa jeshi la anga walioasi waliingia katika kituo cha redio Nairobi, wakamleta mtangazaji Leonard Mambo Mbotela mbele ya kipaza sauti, naye akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku iyo hiyo, majeshi yaliyokuwa upande wa serikali yalipokikomboa kituo, Mbotela yule yule alitangaza kwamba serikali ingali imara. Sauti ilikuwa moja, iliyozoeleka na kupendwa nchini kote, ikatoa habari mbili zisizoweza kuwa kweli zote. Mbotela, aliyefariki Februari 2025, hana lawama katika jambo hilo; mtu mwenye bunduki nyuma yake hatoi habari, bali hutolewa. Lakini wananchi walijifunza kwamba kuifahamu sauti si sawa na kuifahamu habari, na kwamba kabla ya kuuliza nini kimesemwa, ni lazima kuuliza nani amesimama nyuma ya msemaji.

Ni vema hapa kutupa macho Tanzania, ambako katika miaka iyo hiyo redio ilitumiwa kwa namna tofauti. Kampeni ya Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 zilitegemea vikundi vya kusikiliza. Watu hawakusikiliza kila mmoja nyumbani kwake. Walikutana, wakasikiliza kipindi pamoja chini ya kiongozi aliyefunzwa, wakasoma kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2. Kampeni hizo zilikuwa za serikali, tena ya chama kimoja, na hazikuwa na nia ya kumfundisha mwananchi kuitilia shaka redio. Lakini kwa umbo lake zilimpa msikilizaji mazoea mawili yenye thamani: kusikia mbele ya mashahidi, na kujadili kabla ya kutenda. Kenya haikupata kampeni ya namna hiyo kwa ukubwa huo, na upungufu wake ulionekana wakati usiofaa kabisa.

Mapigano ya kikabila ya Bonde la Ufa yalianza tarehe 29 Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi, yakaenea hadi Molo, Olenguruone, Burnt Forest na kwingineko. Vikaratasi vya vitisho vilisambazwa usiku vikiwataka watu fulani wahame. Kikaratasi hakina jina la mwandishi wala la mchapaji; ni uvumi uliovaa nguo za habari, na nguvu yake ni kwamba mtu huweza kukishika mkononi na kusema, "Imeandikwa." Katika kipindi hicho ndipo neno madoadoa lilipopata sumu yake. Kwa asili ni neno la hali tu, la ngozi ya chui au la ng'ombe wa rangi mbili. Wanasiasa walilitumia kwa watu wa makabila mengine waliokaa katika ardhi ambayo wao waliiona kuwa ni ya wenyeji peke yao, na doa, kama ajuavyo kila afuaye nguo, ni kitu cha kuondolewa. Hivyo sentensi ya kawaida kabisa ya Kiswahili iliweza kubeba amri ya kufukuza watu bila ya kutaja kabila wala panga.

Septemba 1993 serikali ilitoa kanuni za usalama zilizowazuia watu wa nje kuingia Molo, Burnt Forest na Londiani, na waandishi wa habari walikuwa miongoni mwa waliozuiwa. Sababu iliyotolewa ni kulinda amani. Matokeo yake ni kwamba kwa watu wa Nakuru, walio mwendo mfupi tu kutoka Molo, habari za Molo zikawa ni zile zilizoletwa na wakimbizi na makondakta wa matatu. Mkimbizi husema kweli juu ya nyumba yake iliyochomwa. Lakini akiulizwa juu ya tarafa nzima, husema aliyoyasikia njiani. Tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998 baada ya mapigano mengine kuzuka Njoro na Laikipia, ilikabidhi ripoti yake mwaka 1999, na ripoti hiyo haikutolewa hadharani hadi mwaka 2002. Yaani hata ukweli ulipokwisha kukusanywa kwa fedha za umma, ulikaa kabatini miaka mitatu, na nafasi yake mitaani ikashikwa na masimulizi.

Baada ya mwaka 1996 mawimbi ya redio yalifunguliwa kwa watu binafsi. Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, nazo Inooro kwa Kikuyu na Kass kwa Kikalenjin zikafuata. Wapo wataalamu wa Kiswahili waliolipokea jambo hili kwa masikitiko, wakidai kwamba redio za lugha za mama ndizo zilizoigawa nchi. Rai hiyo yahitaji kupunguzwa makali. Mkulima wa Kuresoi ana haki ya kusikia bei ya viazi kwa lugha anayoiota usiku, na lugha hizi zilikaa kimya hewani kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Tena Kiswahili chenyewe, kama lionyeshavyo neno madoadoa, hakina usafi wa kuzaliwa nao. Dosari ilikuwa penginepo: vipindi vya kupiga simu viliongozwa na watangazaji ambao wengi wao hawakupata mafunzo ya uandishi wa habari, na kilichosemwa katika redio moja hakikuweza kujibiwa na yule aliyesemwa, kwa kuwa hakukisikia, na lau angekisikia asingekielewa. Katika ploti moja ya Rhonda redio tatu ziliweza kuzungumza asubuhi moja juu ya watu wa ploti hiyo hiyo, kila moja nyuma ya mlango wake. Sikio la chumbani lilipata chakula kingi. Sikio la uani likabaki na njaa.

Hivyo ndivyo Nakuru ilivyoufikia uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, Waziri wa Usalama wa Ndani, John Michuki, alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja siku iyo hiyo, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi tarehe 4 Februari 2008. Siku za mwanzo wa Januari watumiaji wa simu walipokea ujumbe wa Wizara uliowaonya kwamba atakayetuma maneno ya uchochezi aweza kushtakiwa. Tarehe 3 Januari magazeti yalitoka na kichwa kimoja cha habari, yakiwasihi viongozi waiokoe nchi. Nia yao ilikuwa njema bila shaka. Lakini msomaji wa Rhonda hakuwa na haja ya kusihiwa. Alitaka kujua kama barabara ya kwenda mjini ilikuwa wazi, na kama yaliyosemwa juu ya Kaptembwa yalikuwa ya leo au ya jana.

Kwa wiki tatu na zaidi Nakuru ilikuwa tulivu ikilinganishwa na Eldoret na Kisumu, huku ikipokea maelfu ya waliokimbia kutoka kaskazini na magharibi. Tarehe 24 Januari Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga walikutana kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi, mbele ya Kofi Annan, wakapeana mikono hadharani Nairobi. Saa za kuamkia tarehe 25 Nakuru ililipuka. Kaptembwa, Rhonda, Ponda Mali na mitaa mingine ya mabanda iligeuka uwanja wa vita. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa kwa mapanga na mishale, na amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa. Wanajeshi walionekana barabarani. Uwanja wa Afraha na ule wa maonyesho ya kilimo vikawa kambi za waliohama. Siku mbili baadaye moto ulikuwa Naivasha. Katika nchi nzima waliokufa katika machafuko hayo walihesabiwa kuwa 1,133.

Si haki kusema kwamba uvumi ndio uliowaua watu wa Nakuru. Waliuawa na watu, na Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilieleza kwamba mashambulizi yalipangwa na kugharimiwa. Lakini mpangaji wa mauaji huhitaji hofu kama mpishi ahitajivyo kuni, na kuni zilikuwa nyingi. Namna uvumi unavyofanya kazi katika mtaa wa vyumba vya kupanga ni rahisi kueleza. Ujumbe huja kwenye simu usiku ukisema kwamba watu wa kabila fulani watashambuliwa kabla ya alfajiri. Anayeuamini huwahamisha watoto. Jirani wa kabila la pili, akiona vitanda vinatolewa usiku, hudhani kwamba hao wanaohama wamepata fununu ya shambulio litakalofanywa na watu wao wenyewe, na kwamba wanajiondoa kabla halijaanza. Naye huchukua silaha ya kujilinda. Wa kwanza, aliyekuwa na shaka kidogo, aonapo silaha shaka humtoka. Ujumbe ambao jioni ulikuwa uwongo, asubuhi umekuwa kweli, wala hakuna hata mmoja wa majirani wawili hao aliyesema uwongo. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya uvumi na habari nyingine za uwongo: uvumi wa hofu waweza kujithibitisha wenyewe, na baada ya hapo hauwezi kukanushwa.

Tume ya Waki ilizitaja redio za lugha za kikabila, Kass FM ikiwa miongoni mwao, kuwa zilichangia katika kuchochea chuki. Mtangazaji mmoja wa kituo hicho, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Kesi yake ilianza tarehe 10 Septemba 2013, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji wengi waliamua isiendelee kwa kuwa ushahidi haukutosha. Hakuhukumiwa, wala hakutangazwa kuwa hana hatia. Mahakama ni chombo kizito mno kwa kazi ya kupima maneno ya redio, na hata ingalipitisha hukumu, isingalimfundisha msikilizaji wa Rhonda la kufanya na ujumbe wa usiku.

Kazi hiyo ilichukuliwa na kampeni. Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2010, kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, ikashirikiana na PeaceNet na wengine kuanzisha Jukwaa la Uwiano. Mwananchi aliyesikia tishio aliweza kutuma ujumbe kwa nambari 108, nao ukapelekwa kwa kamati za amani za wilaya. Jambo jipya hapa lilikuwa mwelekeo wa sauti: kwa mara ya kwanza baraza liliweza kusema na jukwaa likasikiliza. Bonde la Ufa lilipitia kura ile kwa amani, ingawa liliipinga Katiba kwa wingi. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 34 na ya 35, ikaweka uhuru wa vyombo vya habari na haki ya kupata habari.

Lakini kampeni nyingi za miaka iliyofuata zilichanganya mambo mawili yasiyo sawa, yaani amani na ukweli. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 miziki ya amani, mabango ya amani na matangazo ya amani yalijaa kila mahali, na vyombo vya habari vilijizuia kiasi kwamba mitambo ya tume ya uchaguzi ilipokwama, maswali yaliyostahili kuulizwa yaliulizwa kwa sauti ya chini. Mtu aweza kukubali kwamba tahadhari ile ilitokana na majeraha ya 2008. Hata hivyo, mwananchi anayeambiwa kila siku adumishe amani, bila ya kuambiwa lililotokea, hupata haraka hisia kwamba amani ni jina jingine la kunyamazishwa. Na lugha ya kampeni hizo haikusaidia. Nyingi zilifikiriwa kwa Kiingereza katika ofisi za Nairobi, kisha zikafasiriwa. Kwa elimu ya kupima habari hakukupatikana hata istilahi moja iliyokubalika. Palisemwa "elimu ya vyombo vya habari", jina ambalo msikilizaji hulielewa kuwa ni elimu itolewayo na vyombo vya habari, kinyume kabisa cha lililokusudiwa.

Kwa sababu hiyo mfano wa Tana Delta wastahili kutajwa kwa urefu, ingawa uko mbali na Nakuru. Huko, kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, na uvumi ulikuwa na sehemu yake. Shirika la Sentinel Project, likishirikiana na iHub ya Nairobi, lilianzisha mpango ulioitwa Una Hakika. Mwanakijiji aliyesikia jambo alituma ujumbe. Wahusika hawakulikanusha papo hapo, wala hawakumwonya kwamba aweza kushtakiwa. Waliuliza watu waliokuwa karibu na mahali palipotajwa, yaani wazee, viongozi na mabalozi wa kujitolea waliochaguliwa vijijini, kisha wakamrudishia aliyeuliza jibu: kweli, uwongo, au bado haijulikani. Jibu hilo la tatu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, maana chombo kinachoweza kukiri kwamba hakijui ndicho kinachoaminika kinaposema kwamba kinajua. Na jina la mpango lilikuwa Kiswahili cha uani hasa. "Una hakika?" ni swali ambalo mtu yeyote katika ploti yoyote amewahi kumwuliza jirani yake. Halikufasiriwa kutoka popote.

Nakuru haikukosa vyombo vyake. Radio Amani, ya Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru, hutangaza mjini, na faida ya redio ndogo ya mji ni kwamba mtangazaji wake hupanda matatu moja na wasikilizaji wake. Akikosea, huambiwa kituoni. Nidhamu ya namna hiyo haipatikani katika kanuni za maadili zilizochapwa, japo kanuni hizo ni za lazima.

Baadaye uwanja ulihamia katika mitandao ya simu. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 kampuni ya Facebook yenyewe ilinunua kurasa katika magazeti ya Kenya kuwapa wasomaji vidokezo vya kutambua habari za uwongo. Vidokezo vilikuwa sahihi, ila palikuwa na kichekesho kidogo katika kumwona mwenye soko akinunua tangazo kwa jirani ili kuwaonya wateja juu ya bidhaa za sokoni kwake. Serikali nayo haikuacha mazoea yake ya zamani. Tarehe 30 Januari 2018 vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa kwa sababu ya sherehe ya kumwapisha Raila Odinga. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo visitangaze maandamano moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo. Kutoka kwa Michuki hadi hapo ni miaka zaidi ya 17, na hoja ni ile ile.

Neno madoadoa lilirudi mwaka 2022. Mwezi Januari seneta mmoja alilitamka katika mkutano wa hadhara Eldoret, akakamatwa, na mahakama aliyofikishwa ilikuwa ya Nakuru. Mwezi Aprili Tume ya Uwiano ilitoa orodha ya maneno yaliyohesabiwa kuwa ya chuki, madoadoa yakiwemo, pamoja na kwekwe na mende. Orodha kama hiyo humsaidia polisi kuliko inavyomsaidia msikilizaji. Neno likipigwa marufuku, msemaji hutafuta jingine. Kiswahili hakijapungukiwa na majina ya vitu vinavyong'olewa, kufagiliwa au kupuliziwa dawa. Anayefaa kufundishwa ni mtu aliye mbele ya jukwaa, autambue umbo wa sentensi hiyo hata neno lake likiwa geni: nani anaitwa uchafu, na nani anapewa ufagio.

Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 palitokea jambo ambalo halikupangwa na kampeni yoyote. Vituo vya televisheni vilianza kujumlisha kura kila kimoja kwa namna yake, na kwa kuwa kila kimoja kilianza na fomu za sehemu tofauti, kimoja kilimwonyesha William Ruto akiongoza na kingine kikamwonyesha Raila Odinga, katika saa moja. Hofu ilianza kupanda. Lakini safari hii Tume ya Uchaguzi ilikuwa imeziweka katika mtandao picha za Fomu 34A kutoka vituo 46,229, kila mtu azione, na nakala ya kila fomu, kwa mujibu wa kanuni, hubandikwa mlangoni pa kituo ilikojazwa. Mpiga kura wa Rhonda aliweza kwenda kwenye mlango wa shule alikopigia kura, akasoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, kisha akazitafuta katika simu na kuona kama ni zile zile. Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Agosti, na Nakuru haikuchomeka. Ibara ya 7 ya Katiba yataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Maelezo ya Fomu 34A yameandikwa kwa Kiingereza.